Koti la Karume

Juzi nimenunua koti la mtumba Karume, elfu kumi na tano. Jeusi, zito, lina manyoya kwenye kofia. Nililijaribu palepale huku jasho linanitiririka mgongoni, wapita njia wananiangalia. Muuzaji akauliza, "Dada, unaenda Makete?"

Nikamwambia mbele kidogo.

Mbele kidogo ni Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe. Likizo yangu inaisha Jumamosi. Dar Oktoba hii joto ndiyo kwanza linapanda, huko watu wanabadili matairi ya gari wafunge ya theluji.

Kila anayenitembelea ananipa pole ya baridi. Baridi siyo kesi. Pwani ile inapitiwa na mkondo wa bahari wenye joto, Januari inacheza kwenye nyuzi 4 hivi chini ya sifuri; ukiwa na sweta la sufu unapona. Mimi naogopa giza. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Mchana unapata mwanga wa bluu saa mbili tatu, kama wa alfajiri, kisha basi. Mwaka jana kufikia Desemba nilikuwa sipiki, sipokei simu za nyumbani. Sikuumwa. Sikuwa na hamu tu.

Mama akaniuliza, "Sasa jua lisipotoka, saa moja asubuhi mnaijuaje?" Nikacheka, kumbe swali lina maana. Kwetu Temeke jua linatoka saa kumi na mbili, likizidi sana nusu saa, na hesabu yote ya siku inaanzia hapo. Kule niliwahi kushtuka usingizini, saa ya ukutani inaonyesha saa moja, nikaoga, nikavaa, nikakaa kituo cha basi dakika ishirini nzima. Ilikuwa saa moja usiku. (Kazini sijamwambia mtu hadi leo.)

Wenyeji wana siku yao, tarehe 21 Januari, ya kulipokea jua likirudi. Wanakula maandazi yenye jamu ndani. Mara ya kwanza nilitoka mbio na andazi mkononi. Mawingu yamefunga, jua lenyewe sikuliona.

Leo asubuhi Mama amelifua koti, akalianika uani. Kufika saa nane likawa kavu kabisa. Nikaenda kulianua nipange begi, akanizuia.

"Liache mpaka jioni," akasema, "lishibe."