Siku moja maishani mwangu: Mkenya, mkurugenzi wa teknolojia Dar, tena siku ya mishahara

Saa 11 alfajiri

Siku ya mishahara alamu inanikuta macho. Kabla sijabandika hata maji ya chai nafungua dashibodi kwenye simu niangalie miamala ya usiku imekaaje, yote imepita, hakuna kilichokwama, kuna mabenki mawili bado hayajaleta faili la jana ila hao kawaida yao ni saa 1. Haya, sasa naweza kuoga.

Kwa ambao hatufahamiani, mimi ni mtu wa Nakuru, hapa Dar nasimamia teknolojia kwenye kampuni ya malipo, sio kubwa na jina lake naliacha. Sisi tunakaa katikati. Upande mmoja kuna shule, saccos, wauza pembejeo na maduka, upande wa pili mitandao ya simu na mabenki, mzazi akilipa ada kwa simu hela inapita kwetu tunaifikisha shuleni na jina la mtoto juu yake. Mtumiaji hajui kabisa kama tupo na hivo ndo inavyotakiwa.

Nyumbani wengi wakisikia Mkenya kaenda kufanya kazi ya pesa za simu Tanzania wanajua nimepeleka ujuzi kutoka kwenye chimbuko la M-Pesa. Ni kweli M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mi nikiwa mwanafunzi pale chuo kikuu cha JKUAT, Juja, na Vodacom wakaileta huku 2008. Lakini 2014 mtu wa Tigo hapa Dar alikuwa anamtumia mtu wa Airtel na pesa inaingia moja kwa moja kwenye simu ya mwenzake, 2016 Vodacom nao wakaingia, Kenya tumekuja kukipata kitu hicho 2018. Nilikuwa Nairobi naandika programu za malipo na habari za huku nilikuwa nazitafuta kama mtu anayefuatilia ligi, nataka kujua hawa watu wamekubaliana vipi, maana kuunganisha mitandao kompyuta ndo sehemu rahisi, ngumu ni nani anamlipa nani, hesabu zinafungwa saa ngapi, hela ikipotea katikati ni ya nani. Nafasi ya Dar ilipotangazwa niliomba siku hiyo hiyo.

Saa 12 asubuhi

Barabarani. Natoka Mbezi Beach mapema kwa sababu ukichelewa kidogo tu Mwenge unakaa mpaka ukome. Ofisi iko Kijitonyama. Getini namwamkia mlinzi wetu, mzee wa watu, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nyumbani Kenya hawajambo? Ananiuliza hivo kila asubuhi na kila asubuhi nafurahi.

Saa 2 asubuhi

Kikao cha asubuhi sikiendeshi tena mimi. Anakiendesha naibu wangu, binti wa Kitanzania aliyesoma CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar, hapo hapo Kijitonyama, alikuja kwetu kama mwanafunzi wa fildi akabaki. Yeye ananiita dada, mi namwita mdogo wangu, na mbele ya watu namwita kwa cheo chake kwa sababu nataka wakizoee.

Niseme wazi, maana hili ndo jambo ninaloliamini kuliko yote kwenye kazi hii. Sheria ya 2015 ya kusimamia ajira za wageni inasema kibali cha kazi ni miezi 24, unaweza kuongezewa ila jumla ina kikomo chake, na mwajiri lazima awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa huyo mgeni. Kuna ofisi mpango huo unaandikwa vizuri, unapigwa mhuri, unawekwa kabatini mpaka siku ya kuongeza kibali. Mi nasema bosi mgeni anayeondoka halafu ofisi ikatafuta mgeni mwingine hajamaliza kazi yake, hata kama mifumo aliyoacha inang'aa. Huu ndo mwaka wangu wa mwisho hapa na kila ninachofanya nakipima kwa hicho.

Leo kikao kimechukua dakika chache. Nani anaangalia mitandao ya simu, nani mabenki, nani simu za wateja, na hakuna kugusa mfumo mpaka kesho, hata kama ni badiliko la mstari mmoja. Siku ya mishahara hairekebishwi kitu, inalindwa.

Saa 4 asubuhi

Ndo tumeanza. Mzazi wa Mbeya kalipa ada laki 4 na nusu, simu imemwambia pesa imetoka, shule haioni kitu. Kampigia mhasibu wa shule, mhasibu kampigia mtu wetu wa huduma kwa wateja na sauti imeshapanda. Dakika kumi baadae wako wengine, shule ile ile.

Ngoja nielezee kidogo, watu wanatukana sana mitandao kwenye mambo haya na ndani yake kuna kazi. Mtandao wa simu ukishamkata mzazi unatutumia ujumbe, sisi tunaupeleka kwenye mfumo wa shule, shule inatakiwa ijibu nimepokea. Siku kama ya leo kila mtu anapita mlango mmoja, jibu linachelewa, muda wa kusubiri unaisha, anayesubiri anaandika imeshindikana. Imeshindikana wapi sasa? Labda shule haijapata kabisa. Labda imepata ikaandika vizuri ila jibu lake ndo limepotea njiani. Ukituma tena kwa pupa mtoto mmoja anaweza kuandikiwa ada mara mbili, ukimrudishia mzazi hela kwa pupa unakuta shule ilishatoa risiti na hela haipo. Kwa hiyo kwetu kukisia ni marufuku. Muamala unapewa namba moja, hiyo hiyo mpaka mwisho, kwanza unauliza pande zote mbili namba hii iko wapi, wakishajibu ndo unaamua, na hata ukituma tena unatuma na namba ile ile ili shule ikiwa nayo tayari iseme hii ninayo na iishie hapo.

Kijana wetu mmoja, mzuri kabisa, alishaweka mkono kwenye kitufe cha kutuma yote upya. Naibu akamwambia taratibu, "Kaka, toa mkono kwanza. Umeuliza hali yake?" Hakuwa ameuliza. Wakauliza pamoja, mtandao wa simu ukasema pesa imetoka na iko kwetu, mfumo wa shule ndo kimya, wakampata mtu wa kompyuta wa shule, kumbe diski ya seva yao imejaa haiandiki kitu. Naibu akawaelekeza wafute mafaili gani ya zamani, kitu kikafunguka, miamala ikaingia mmoja mmoja, hakuna hata mmoja uliojirudia.

Halafu akafanya kitu ambacho simfundishi mtu, mtu anakuwa nacho au hana. Akachukua simu akampigia yule mzazi mwenyewe. "Mama shikamoo, pesa yako iko salama, haijapotea, mfumo wa shule ulikuwa umejaa, risiti yako nimeshaiona inakuja sasa hivi." Yule mama alikuwa anaongea kwa nguvu kiasi kwamba hata mi nilikuwa namsikia, mwisho akawa anamuombea dua. Muda wote huo nilikuwa nimekaa meza ya nyuma, sijafungua mdomo, na kukaa kimya pale ndo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya leo.

Saa 7 mchana

Kwa mama ntilie nyuma ya ofisi. Wali, samaki wa nazi, mchicha. Tunakula haraka tunarudi.

Saa 8 mchana

Mtu wa rasilimali watu na mwanasheria wamekuja na mafaili yangu. Kwa asiyejua, mgeni anayeajiriwa hapa ana vibali viwili, cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi, daraja B, kinatoka Uhamiaji, na tarehe zake zinatakiwa ziende pamoja. Wananiuliza tukiandika barua ya kuomba muda zaidi ya ule wa sheria tuseme nini. Nikawaambia tusiandike.

Wakenya wa fani hii tunaikumbuka 2018, Sylvia Mulinge aliteuliwa kuiongoza Vodacom Tanzania, kibali cha kazi hakikutoka, akabaki Safaricom, 2022 akaenda kuongoza MTN Uganda. Nikiwa Nairobi ile habari iliniuma kama imetokea kwangu. Nimekuja kuishi upande huu nikafanya kazi na vijana wa huku, inaniuma bado, na wakati huo huo namwelewa Mtanzania anayeuliza kwa nini kiti cha juu kila siku ni cha mtu aliyeshuka kwenye ndege. Hayo mawili yanakaa kwangu pamoja na sioni haja ya kulitoa mojawapo.

Saa 9 alasiri

Bodi. Hiki ndo kikao nilichokiandaa wiki nzima. Ajenda ni nani anashika nafasi yangu, na mjumbe mmoja, mtu ninayemheshimu sana, kaanza kwa kusema binti ni mzuri ila bado mdogo, kwa nini tusitafute mzoefu kutoka India au Nairobi akae miaka miwili mitatu, binti azidi kukomaa chini yake.

Nikaomba nafasi kwa mwenyekiti. Nikawaambia mi natoka Kenya, acheni niwaambie ya kwetu. Safaricom ilianza na Michael Joseph 2000, mzaliwa wa Afrika Kusini, akafuata Bob Collymore 2010, mzaliwa wa Guyana, wote wawili walijenga kitu ambacho dunia inakisoma na siondoi hata neno kwenye sifa zao. Lakini Mkenya wa kwanza kukaa kile kiti moja kwa moja ni Peter Ndegwa, Aprili 2020. Miaka 20. Na mitambo ya M-Pesa yenyewe, fahari yetu ile, ilikaa Ujerumani mpaka 2015 ndo ikahamia Kenya. Je watu wa kuiendesha hawakuwepo? Walikuwepo, nimesoma nao.

Halafu nikawapa ya hapa hapa. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, mnakumbuka, Jumapili, intaneti ya Dar ikawa kama imezimwa. USSD, zile menyu za kupiga namba kwenye simu, haihitaji intaneti ya mteja, mtu anapiga *150* zake kama kawaida, ila kampuni ambayo seva zake ziko nje muamala unafika ukingoni unakosa pa kwenda. Sisi tuliendelea kulipa. Kwa nini? Kwa sababu kuna mtu alikuwa ameng'ang'ania muda mrefu kabla ya hapo kwamba mfumo mkuu ukae kwenye kituo cha data hapa Dar, akaandika hoja, akaleta gharama, na bodi hii hii ikapitisha. Huyo mtu sio mimi. Jina lake liko chini ya ile hoja, fungueni mafaili muangalie.

Kimya kidogo. Mjumbe akauliza, na Benki Kuu? Wao ndo wanatupa leseni na wanasimamia kila kitu chini ya sheria ya mifumo ya malipo ya 2015, ataweza kusimama mbele yao? Nikajibu taarifa mbili za mwisho zilizokwenda Benki Kuu kaziandika yeye, maswali yao kayajibu yeye, mimi nilisaini tu.

Hawakumalizia leo, wanamalizia kikao kijacho. Ila wamekubaliana kuanzia mwezi ujao taarifa za Benki Kuu anasaini yeye, na bajeti ya mitambo anaitetea yeye mbele yao, mimi niwepo bila kuongea. Mwenyekiti wakati tunatoka akaniambia, "Dada, umemtetea kama mdogo wako wa tumbo moja." Nikamjibu asante mzee, ni wangu.

Saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku

Huu ndo muda wenyewe, watu wametoka kazini, mishahara imeingia, kila mtu anatuma nyumbani, analipa umeme, analipa mkopo, anaweka kikoba. Kwenye skrini mistari inapanda, miamala ya TIPS, ule mfumo wa Benki Kuu unaounganisha mabenki na mitandao ya simu, nayo inapanda pamoja nayo, na chumba kizima kimenyamaza kila mtu macho kwenye kioo. Benki moja ikaanza kuchelewa kujibu, naibu akasema punguzeni kasi upande wao msiwazibe kabisa, ikatulia. Nilishafungua mdomo kusema hivo hivo, kanitangulia.

Katikati ya hayo nikatoka nje nikamtumia mama yangu pesa Nakuru, M-Pesa ya Tanzania kwenda ya Kenya inawezekana tangu 2015 na mama anajua tarehe kuliko mimi. Akapiga kusema imefika. Akauliza nitarudi lini, nikamwambia mama mwaka huu. Nikirudi nataka kufanya kitu kimoja tu, saccos za Nakuru na Nyandarua ziongee na simu za wakulima vizuri kama zinavyofanya za huku, na hapo mwalimu wangu ni Dar.

Saa 4 usiku

Zamu ya usiku imeshika. Mimi naondoka na naibu anabaki nusu saa kuandika ripoti ya siku.

Na ninyi wanafunzi mnaonitumia meseji kuhusu fildi, nafasi zipo mwaka huu, ila barua zenu msiandike jina langu. Andikeni kwa Naibu Mkurugenzi wa Teknolojia, yeye ndo anazisoma, yeye ndo anachagua, na kwenye barua mwelezeni kitu mlichotengeneza kwa mikono yenu, hata kiwe kidogo, maana hicho ndo atakachowauliza.