Nilivyotengeneza kifaa changu cha kusoma hitilafu za gari

Taa ya cheki injini iliwaka nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, na injini ikaanza kutetemeka kila niliposimama. Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake, akaangalia kioo, akasema ni plagi, kisha akafuta hitilafu. Nikamlipa hela ya kupima, nikanunua plagi nne. Siku ya tatu taa ikarudi. Kilichoniuma zaidi ya hela ni kwamba sikuonyeshwa hata ile namba iliyosomwa, na gari ni langu.

Nikaamua kutengeneza kifaa changu. Mwenye haraka anunue vile vidude vya Bluetooth vya ELM327, vinavyosoma hitilafu na kuzionyesha kwenye simu, atatumia hela kidogo kuliko mimi. Mimi nilitaka kujua gari linaulizwa nini na linajibu nini.

Soketi ya kupimia hitilafu, inayoitwa OBD-II, iko chini ya usukani, ina matundu 16. Marekani iliilazimisha kwa magari mapya kuanzia mwaka 1996, Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Haya yetu yaliyotumika Japani hayafanani, ndiyo maana nilipima kabla ya kununua chochote. Tundu la 16 ni umeme wa betri, na upo hata funguo ukiwa mfukoni. La 4 na la 5 ni hasi. La 6 na la 14 ndizo nyaya mbili za CAN, njia ambayo kompyuta za gari huzungumzia. Nilichomoa kichwa cha betri, nikaweka multimita kati ya 6 na 14, ikasoma omu 60. Hizo ni rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho wa njia. Basi gari langu lina CAN.

Kariakoo nikapata Arduino Nano (ubao mdogo wa kompyuta unaouandikia programu), moduli ya CAN yenye chipu ya MCP2515, skrini ndogo ya OLED, kipunguza umeme cha LM2596 na kichwa cha kiume chenye pini 16. Usisahau fyuzi kwenye waya wa pini ya 16. Mimi niliweka ya ampia 1. Halafu rekebisha kipunguza umeme kwa mita hadi volti 5 kamili kabla hujaunganisha Nano, kwa sababu injini ikiwaka umeme wa gari hupanda hadi volti 14 na ushee.

Nikaunganisha vyote. Kimya. Wiki mbili kimya.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye moduli yenyewe. Ina rezista yake ya omu 120, inayoingia kazini ukiacha kile kidude cheusi juu ya pini mbili. Ukiongeza ya tatu, omu 60 zinashuka kuwa 40. Nikakichomoa. Bado kimya. Kosa la pili nililiona usiku, nikiwa na tochi: juu ya kristali ya moduli, inayopanga kasi yake, imeandikwa 8.000, yaani megahezi 8, na programu niliiandikia megahezi 16. Kwa hiyo gari lilikuwa linakwenda kilobiti 500 kwa sekunde na kifaa changu nusu yake. Kasi isiyo sahihi huvuruga hata kompyuta nyingine zilizo kwenye njia hiyo, kwa hiyo majaribio yote yafanye gari likiwa limeegeshwa.

Nilipobadilisha mstari ule mmoja wa programu, nikatuma 02 01 0C kwenye anwani ya 7DF, inayosikilizwa na kompyuta zote za gari, maana yake nipe mzunguko wa injini. Kutoka 7E8, anwani ambayo kompyuta ya injini hujibia, likaja jibu: 04 41 0C 0B B8. Namba hizi ni za heksadesimali, na baiti mbili za mwisho, 0B B8, kwa hesabu ya kawaida ni 3000. Gawanya kwa 4, unapata mizunguko 750 kwa dakika. Nikatazama mshale wa dashibodi, ulikuwa palepale. Nilimwita mke wangu aje kuona, usiku ule ule.

Kusoma hitilafu ni huduma ya 03. Jibu lilikuwa 04 43 01 03 02: hitilafu moja, P0302, silinda ya pili haichomi vizuri. Sasa P0302 haisemi plagi. Inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme, injekta, hata mgandamizo. Plagi zilikuwa mpya, basi nikahamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, nikaandika namba kwenye daftari, nikafuta kwa huduma ya 04 na kuzunguka mtaani. Taa ikarudi. Kifaa kikasema P0303. Hitilafu ilikuwa imehama pamoja na koili, na koili moja ndiyo niliyonunua.

Kifaa kinakaa ndani ya kopo la plastiki kwenye droo ya gari. Bado kina upungufu: hitilafu zikizidi mbili, jibu huja vipande vipande na lazima utume ruhusa ya kuendelea kwenye 7E0, anwani ya kompyuta ya injini, sehemu hiyo naiandika sasa. Na shemeji ameniletea gari lake la zamani, ambalo kwenye 6 na 14 hakuna kitu, waya uko kwenye tundu la 7 tu. Hilo linataka mzunguko mwingine kabisa, wa waya mmoja wa volti 12, na tayari nimeutenga ubao wake.