Siku moja gereji: Corolla ya Mwalimu na breki za sponji

Saa 1:20 asubuhi

Sijafungua hata kufuli la kontena la vifaa, Corolla 110 ya Mwalimu ishafika. Imeegeshwa kando ya ukuta, na tairi la nyuma limewekewa jiwe. Hapa Tabata mbele ya gereji yetu ni tambarare kabisa. Mtu akiweka jiwe mahali kama hapo, ujue imani na breki zake imekwisha.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba fundi. Leo nimekuja na kila kitu, usinizungushe."

Akatoa boksi la masta silinda mpya, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, bado ina nailoni yake. Fundi wa mtaani kwake kamwambia masta imekufa, na yeye jana akaifuata Kariakoo. Nikamwomba alirudishe boksi kwenye siti na asichane hata lebo. Akanuna. Amenijua tangu hajastaafu, lakini mtu akishatoa hela hapendi kuambiwa subiri.

Gari ni la mwaka 1998: diski mbele, dramu nyuma, ABS (ile ya kuzuia tairi zisigande ukikanyaga breki) hakuna. Gari rahisi kwa breki, ukilisikiliza.

Saa 1:45

Kabla ya spana, mguu. Watu wakisema "breki laini" wanaweza kuwa na magonjwa matatu tofauti. Ukikandamiza pedeli bila kuachia nayo ikazidi kuzama taratibu, mafuta yana pa kutorokea: yanavuja nje, au yanapita pembeni ya raba ndani ya masta. Ikibonyea kama godoro, kuna hewa, au mpira wa breki umechoka na unavimba kila ukikanyaga. Ikishikia chini sana lakini ukipampu mara mbili inapanda, mara nyingi shuu za nyuma, zile zinazobana dramu kwa ndani, ziko mbali nayo.

Ya Mwalimu ilikuwa chini, na juu ya hapo sponji. Nikaikandamiza, nikahesabu hadi 30. Haikuzama. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka aliyeihukumu masta.

Nikazima injini, nikapampu mpaka pedeli ikawa ngumu, nikaacha mguu palepale na kuwasha. Ikashuka kidogo. Mwalimu, aliyekuwa anachungulia dirishani, akadakia: "Si unaona? Inazama!" Hapana. Hiyo ni busta inaanza kusaidia mguu. Isingeshuka, ndiyo ningekuwa na kazi nyingine.

Saa 2:30

Kijana wangu kaingia chini na tochi. Tairi zote kavu kwa ndani, mabomba makavu, nyuma ya masta pale inapokutana na busta pakavu. Kikombe cha mafuta juu ya masta kimejaa, ila mafuta yamekuwa rangi ya chai iliyokolea. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na Dar unyevu si wa kutafuta. DOT 3 ikiwa mpya kiwango chake cha kuchemka ni nyuzi 205. Ikishanyonya maji kinaweza kuteremka mpaka 140. Yakichemka kwenye mteremko, yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Nikayaandika kwenye orodha: yatamwagwa yote.

Supu na chapati mbili kwa mama ntilie, dakika kumi.

Saa 3:20

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Nina vibanio vinne vya mipira, meno yake ni ya mviringo. Vaisigripu tupu siitumii, inaukata mpira kwa ndani na wewe huoni. Nikabana mipira yote minne, mmoja kila tairi, taratibu, kwa sababu ni ya zamani. Kisha nikamwita Mwalimu akanyage mwenyewe.

Akakanyaga. Akanitazama. Akakanyaga tena.

"Imekuwa jiwe!"

"Hiyo ndiyo masta iliyokufa, Mwalimu."

Mipira yote ikiwa imebanwa, masta inasukuma ukuta. Ingekuwa na raba mbovu ndani, pedeli ingeendelea kuzama. Kwa hiyo ugonjwa uko mbele ya vibanio, na kilichobaki ni kuuliza tairi moja moja. Nikaachia nyuma kushoto: pedeli ikashuka kiasi. Nyuma kulia: kiasi hichohicho. Mbele kushoto: karibu hakuna. Mbele kulia, upande wa dereva: pedeli ikaenda kama imekanyaga mkate.

Saa 4:00

Tukatoa tairi. Kalipa ya huku, yaani kile kibanio cha diski, ni safi kuliko mwenzake wa kushoto, maana yake imebadilishwa karibuni. Nikamwonyesha kijana, nikamuuliza anaona nini. Akazunguka, akainama, akaguna. "Kaka, nipeli inaangalia chini."

Ndiyo hiyo. Kalipa ya kushoto imefungwa kulia. Kwenye gari hili inaingia vizuri tu, pini zinakubali, mpira unafika. Lakini nipeli ya kutolea hewa inakuwa chini, na hewa inakaa juu. Ukifungua nipeli yanatoka mafuta masafi bila hata povu, unafurahi, unafunga, na hewa imekaa palepale inakucheka. Utaitoa mpaka Idi.

Mwalimu akakumbuka: miezi miwili nyuma kalipa ilikuwa inaganda, wakamfungia ya mtumba. Basi yule fundi ametoa hewa mpaka chupa ikaisha, akaona masta ndiyo ina makosa. Sitamcheka. Niliwahi kufanya hivyohivyo kwenye Carina ya watu na kumaliza chupa mbili.

Saa 4:30 mpaka saa 7 mchana

Kijana kapanda boda kwenda maduka ya spea ya Gerezani na kalipa kama sampuli. Baada ya muda akapiga: "Kaka, muuzaji anasema zinaingiliana zote." Nikamwambia asibishane naye, aishike kama itakavyokaa kwenye gari na aangalie nipeli iko wapi.

Mimi nikahamia nyuma, maana sponji ilikuwa na jibu lakini ule uchini ulikuwa haujajibiwa. Dramu zikatoka kwa nyundo. Vumbi la breki silipulizi na kompresa, nalilowesha kwanza. Mapafu sina ya mtumba. Shuu bado nene, silinda za tairi kavu hata nilipochungulia chini ya raba. Kumbe kirekebishi cha kila upande, kinachosogeza shuu karibu na dramu, kimeganda kwa kutu; shuu zimelika kidogo na hakuna kilichozisogeza. Nikavifungua, nikasugua nyuzi kwa brashi ya waya, nikapaka grisi kidogo, nikavizungusha mpaka dramu ikazunguka huku ikikwaruza kwa mbali. Hendibreki iliyokuwa inapanda hadi kwapani sasa inashika kati.

Saa 7:40 mchana

Kalipa sahihi imefika, na washa mpya za shaba, zile pete za kuziba mafuta kwenye kiungio. Za zamani nimezitupa mbele ya kijana ili asije akazirudisha.

Kabla ya kutoa hewa nikaweka kipande cha ubao chini ya pedeli, isifike sakafuni. Kijana akadhani natania. Masta ya zamani imezoea kutembea sehemu fulani tu. Huko mbele ambako raba hazifiki panaota kutu na uchafu. Siku ya kutoa hewa tunapampu mpaka sakafuni, raba zinaburuzwa juu ya ule ukwaru, zinachanika. Masta nyingi tunaziua sisi wenyewe kwa mguu, halafu tunamwambia mteja ilikuwa imechoka.

Tukaanza nyuma kushoto, mbali kabisa na masta.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia… achia."

Kufunga nipeli ni kabla ya kuachia, si baada. Kila baada ya mara tano kikombe kinaangaliwa, kisije kikanywa hewa tukaanza upya. Tulipofika mbele kulia, bomba la plastiki likachemka mapovu kama soda iliyotikiswa. Mwalimu akawa anayahesabu kwa sauti. Tuliendelea mpaka mafuta yakatoka meupe tairi zote. Matone yaliyoangukia bodi nikayamwagia maji papo hapo, maana hayo hula rangi.

Saa 10:00 jioni

Pedeli juu, ngumu. Nikaikandamiza kwa nguvu dakika nzima huku kijana akikagua kila kiungio. Kavu. Majaribio ya kwanza ndani ya uwanja, mwendo wa kutembea. Ya pili barabara ya Segerea. Gari linasimama bila kuvuta upande.

Saa 11:15

Mwalimu kaendesha mwenyewe, karudi hana la kusema, akalipa hela bila kuomba punguzo, jambo ambalo si kawaida yake. Boksi la masta kaliweka mapajani. Kesho anakwenda kupambana na duka.

Alipowasha kuondoka, akashuka tena, akalichukua lile jiwe na kulitia kwenye buti.

"Mwalimu, jiwe la nini tena?"

"La pancha," akasema, akafunga buti.