Kufunga stadi za silinda hedi: kazi inaanzia kwenye tundu

Lori lililochemsha likiwa na makaa ya mawe njiani kutoka Ruvuma, au likipanda Newala kufuata korosho, likifika gereji Mtwara huwa na dalili zilezile. Rejeta inatoa mapovu, mpira wa juu umekakamaa hata kabla injini haijapata moto, na maji yanapungua bila kuonekana yanavuja wapi. Gasketi inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha mitungi ya injini) na bloku (mwili wa injini) imepitisha. Wenye malori wanauliza kama badala ya boliti wafungiwe stadi, yaani vyuma virefu visivyo na kichwa, vyenye hesi (mikato ya mzunguko kama ya skrubu) ncha zote mbili, vinavyobana hedi kwa nati. Mimi nasema ndiyo, kwa sharti kwamba hedi na bloku zipimwe kwanza, kwa sababu stadi hainyooshi hedi iliyopinda. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, kisha jaribu kupitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) chini yake. Kwenye injini nyingi fila ya milimita 0.10 ikipita, hedi inakwenda kusawazishwa. Kikomo kamili kipo kwenye kitabu cha injini yako. Kama slivu (mitungi inayochomekwa kwenye bloku) ni za maji, yaani zinazungukwa na maji moja kwa moja, pima pia zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Slivu moja ikiwa imezama kuliko wenzake, gasketi itaungua hapohapo hata ukaze namna gani.

Boliti inapokazwa inanyongwa na kuvutwa kwa wakati mmoja, huku hesi yake ikisaga ndani ya bloku. Stadi inatulia ndani ya bloku, na nati ndiyo inayozunguka juu kwenye hesi laini. Stadi inavutwa zaidi kuliko kunyongwa, ndiyo maana mkazo unakaribiana kutoka stadi moja hadi nyingine, na hesi za bloku haziliwi kila hedi inapofunguliwa.

Sasa tundu. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Pitisha tepu ya kusafishia hesi (chuma chenye meno kinachozungushwa ndani ya tundu) kwa mkono, ukiizungusha bila nguvu. Usitumie tepu ya kukatia hesi mpya, kwa kuwa inapunguza chuma na tundu linalegea. Kisha puliza kwa kompresa mpaka tundu likauke kabisa, jicho likiwa na miwani. Maji au oili ikibaki chini ya tundu lisilopenya, stadi inapoingia haina pa kuisukuma: ama inasimama kabla ya kufika, ama bloku inapasuka. Ukanda huu una unyevu na hewa ya chumvi, hivyo tundu lililosafishwa jana lipulizwe tena leo. Upepo wa kusi ukivuma na gereji iko wazi, ziba mitungi kwa vitambaa safi na uhesabu vitambaa hivyo kabla ya kushusha hedi.

Yapo matundu yanayotokea kwenye njia ya maji. Mulika kila tundu kwa tochi. Hayo hesi zake za chini zipakwe gundi ya kuzuia maji inayostahimili joto, vinginevyo maji yatapanda kwenye stadi na kutokea chini ya nati.

Stadi iingizwe kwa vidole mpaka igote, au kwa elenki (ufunguo wa pembe sita) bila kukaza. Fundi anayefunga nati mbili pamoja na kuivuta stadi kwa nguvu anaiinamisha pembeni kidogo, na hedi haitashuka vizuri. Ikigoma katikati, itoe ukaangalie hesi. Hedi ishushwe kwa chenibloki, wima, ili isikwaruze gasketi.

Juu ya hedi weka washa bapa za chuma kigumu zilizokuja na stadi. Washa ya springi haina nafasi hapa. Kisha paka kilainisho kwenye hesi za juu, chini ya nati na juu ya washa. Kati ya nguvu unayoivuta kwenye spana ya toki (spana inayopima nguvu ya kuzungusha na kulia ikifika namba uliyoiweka), takriban sehemu 10 tu kwa 100 ndizo zinazovuta stadi. Zilizobaki zinaliwa na msuguano. Namba ya toki ina maana kwa kilainisho kilichotajwa tu. Karatasi ikisema grisi ya molibdenamu nawe ukatumia oili ya injini, spana italia huku hedi haijabanwa vya kutosha. Ukifanya kinyume chake, unaweza kuivuta stadi kupita kikomo.

Namba ichukuliwe kwa mtengenezaji wa stadi. Ya boliti za kiwandani haifai, hasa zile zinazomaliziwa kwa digrii, yaani kwa kuzungushwa pembe fulani baada ya toki. Angalia pia kipimo: futi-pauni 150 ni Nm (nyutoni-mita) 203, na kilo-mita 15 (kilo za nguvu mara mita, si kilomita) ni Nm 147. Anayesoma futi-pauni 150 na kuseti Nm 150 ameacha robo nzima ya mkazo.

Kaza kwa hatua tatu, ukianzia katikati na kuzunguka kuelekea nje. Kama mwisho ni Nm 170, zote zipite 55, kisha 110, kisha 170. Vuta polepole kwa mwendo mmoja, mkono ukiwa kwenye mshikio, bila bomba la kurefusha. Nati ikisimama kabla spana haijalia, usiisukume kidogokidogo. Ilegeze hiyo moja, uivute upya kwa mwendo mmoja. Ukimaliza, rudisha spana kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi.

Hakikisha stadi zimechomoza juu ya nati, na kifuniko cha tapeti hakizigusi. Pima tapeti (nafasi za vali), jaza maji safi yenye kulenti (dawa ya rejeta). Maji ya kisima yenye chumvi yatakula njia za maji na kukurudisha hapohapo.

Washa injini bila mzigo mpaka ifikie joto lake, kisha izime ipoe usiku mzima. Gasketi nyingi za chuma za tabaka hazihitaji kurudiwa toki. Za zamani za mchanganyiko huhitaji. Ukirudia, injini iwe baridi, nati moja kwa wakati kwa mpangilio uleule, halafu tapeti zipimwe upya kwa sababu hedi imeshuka.