Nyumba ya Uzunguni, Dodoma

Ijumaa asubuhi nikapanda SGR Dar, saa tatu na ushee nishafika Dodoma, enzi za basi muda huo ungekuwa bado Morogoro unagombania mahindi ya kuchoma dirishani. Nilienda kwa sababu ya shangazi. Alinipigia akasema baba njoo uione nyumba hii, mwenye nayo anataka kupandisha ghorofa, sisi wapangaji tumepewa miezi mitatu.

Bodaboda akanipitisha Tambukareli, yaani mtaa umeitwa hivyo kwa kuwa unaivuka reli, na reli ndo mama wa mji huu, Wajerumani waliifikisha hapa 1910 wakagawa watu, Uzunguni kwao, Uhindini wafanyabiashara, wengine tutajijua.

Nyumba yenyewe sasa. Ukuta wa mawe nikaupima kwa mkono, shubiri mbili kasoro vidole. Baraza pande tatu, waya wa mbu umeoza kwa kutu ukiugusa unamwagika kama unga, dari iko juu huko na imeachiwa matundu joto lipande litoke. Jua la Oktoba Dodoma mnalijua, nje linakaanga, ndani hakuna feni wala AC na shangazi kajifunga khanga mabegani! Ila tusiwape Wazungu sifa zote, ukuta mnene ndo ujanja wa tembe, nyumba za asili za huku, Wagogo walishaweka udongo mpaka juu ya paa kabla bati halijajua njia ya huku.

Nikamwambia shangazi, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, haya ya enzi za reli mpaka waziri ayatangaze kwenye gazeti la serikali. Akacheka. "Kwa hiyo imechelewa kuzaliwa miaka hamsini? Kunywa chai baba inapoa."

Jioni mlinzi akaja, nikamsalimia Kigogo, "mbukwa mzee wangu", akafurahi huyo, akanishika mkono mpaka uani. Kuna jiko limejitenga na nyumba, jeusi masizi mpaka kwenye kenchi, ubavuni kijichumba kama stoo, hakina dirisha, sakafu udongo mtupu. Babu yake alikuwa mpishi hapa, ndo alikuwa analala humo. Pale mlangoni akanionyesha jiwe la kizingiti limelika katikati kama kinu, nikaweka kiganja kikaenea, akasema hiyo miguu ya babu hiyo, kupeleka sahani na kurudisha sahani. Ndani ya nyumba kubwa hakuna jiwe lililolika hivyo, nimerudi kuangalia.

Jumapili nikageuza. Tumepita Kilosa nikafungua simu nichague picha za kumtumia jamaa yangu msanifu majengo, ziko arobaini na tatu, baraza, dari, vitasa, mabati, shangazi na chai yake. Ya uani hata moja hakuna.

Nimempigia shangazi nirudi lini. Kasema wahi, matofali yameshaanza kushushwa.