Tergat Alishindwa kwa Upana wa Meza Yangu

Nauza magazeti Mtaa wa Tom Mboya, karibu na Fire Station, na huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye kona hii. Meza yangu ni ya mbao. Urefu wake ni mita mbili, upana sentimita 80. Nautaja upana huo kwa sababu tangu Machi 2025 ndio kipimo chetu cha ubishi wa michezo, na watu ambao hawajawahi kuninunulia hata gazeti moja wanaujua kwa moyo.

Kila muuza magazeti wa Nairobi ana wasomaji wa kusimama. Wanafika saa kumi na mbili asubuhi, wanainamisha shingo, wanasoma kichwa cha habari cha mbele, kisha wananiomba kwa macho nigeuze ukurasa wa nyuma. Sijawahi kuwafukuza. Wengine ni makanga wanaosubiri gari lijae, wengine wanaelekea kazini Industrial Area kwa miguu. Kuna dada mmoja wa benki ambaye hukosi kumwona Jumatatu ikiwa kuna raga, na kuna Mwalimu, mzee aliyefundisha hisabati miaka mingi kabla ya kustaafu. Huyu Mwalimu ndiye aliyetubadilisha.

Zamani ubishi wetu ulikuwa wa makelele tu. Messi au Ronaldo. Gor au Ingwe. Mtu anapaza sauti, mwingine anapaza zaidi, gari linajaa, makanga anaruka mlangoni akiwa bado anatukana, na kesho tunaanza pale pale. Mimi mwenyewe nilichoka nao. Kila mtu alileta mapenzi yake na hakuna aliyeleta kitu cha kushikika.

Asubuhi moja ya Machi, makanga kijana wa kofia nyekundu akasema Paul Tergat, mkimbiaji wetu wa mbio ndefu, alikuwa mtu wa namba mbili. Eti alikimbia maisha yake yote akiangalia mgongo wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Kijana, Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alishindwa kwa kiasi gani?"

"Si alishindwa, Mwalimu. Kushindwa ni kushindwa."

Mwalimu akaniomba kalamu. Akachukua gazeti la jana na kuandika pembeni, kwa ule mwandiko wa ubaoni: 27:18.20, na chini yake, 27:18.29. Mita 10,000, raundi 25, na katikati ya dhahabu na fedha kuna sehemu tisa za sekunde moja iliyogawanywa mara mia. Mwishoni pale, akasema, watu hawa walikuwa wanakata karibu mita nane kwa sekunde. Akazidisha. Sentimita 70 na kitu. Akaweka kiganja chake kwenye ukingo wa meza yangu, akakitambaza juu ya magazeti mpaka karibu na ukingo wa pili, akakiacha hapo.

"Amekimbia kilomita 10. Amekosa hapa. Hata meza ya huyu mzee hakuimaliza."

Kijana aliinama akaitazama ile meza kama ameletewa leo. Gari lake lilijaa likaita honi, na yeye bado amesimama. Tangu siku hiyo sijamsikia akimwita Tergat mtu wa namba mbili.

Hapo ndipo sheria yetu ilipozaliwa, ingawa hakuna aliyeitangaza: ukileta swali, lilete na pengo lake. Walitofautiana kwa kiasi gani, na hicho kiasi tukiweke hapa barabarani tukione. Kipchoge Keino alipomwacha Mmarekani Jim Ryun kwenye mita 1500 za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, saa zilikuwa 3:34.91 kwa 3:37.89. Hizo ni kama mita 20, yaani kutoka mezani kwangu mpaka kwa Mama Maembe, jirani yangu anayeuza maembe. Siku tulipozipima, mzee mmoja aliyesikiliza mbio zile redioni akiwa mtoto alisimama kwa Mama Maembe akatugeukia, akatikisa kichwa, akaondoka bila kusema neno.

Niseme ukweli, mimi nilidhani tumepata jibu la kila ubishi. Riadha ina saa, na saa haina timu. Penalti ukinyimwa utamlilia refa mpaka uzeeke, lakini 1:40.91 ya David Rudisha kwenye mita 800 za Olimpiki pale London mwaka 2012, utamlilia nani? Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na yeyote anayesimama mezani pangu akiwa na dakika mbili nitamwambia. Aliongoza kutoka mwanzo. Hakukuwa na mtu wa kumvutia kasi, maana Olimpiki hairuhusu. Raundi ya kwanza alikata kwa sekunde 49.28 na wote nyuma yake wakalazimika kufuata au kuachwa. Wa pili alikuwa Nijel Amos wa Botswana, kijana wa miaka 18. Wa tatu alikuwa Mkenya mwenzake, Timothy Kitum, wa 17. Lakini mimi humtazama wa nane, wa mwisho kabisa, Andrew Osagie wa Uingereza: 1:43.77. Saa hiyo ingempa dhahabu Beijing 2008, ingempa Athens 2004, ingempa Sydney 2000. Yeye alitoka wa mwisho kwa sababu kuna mtu mbele aliamua siku hiyo kila mmoja akimbie mbio za maisha yake. Mtu akiniuliza mchezaji anaweza kuwafanyia nini wapinzani wake, hilo ndilo jibu langu, na sijali tunazungumza ndondi, gozi au raga.

Kipimo changu kilivunjwa na shabiki wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia. Huyu hubeba mizigo Gikomba na hupita kwangu saa moja kamili, jezi ya kijani ndani ya koti la kazi. Alisikiliza mapengo yetu wiki nzima, kisha akauliza swali moja, taratibu.

"Mzee, pengo la Gor mwaka 1987 ni ngapi?"

Nikafungua mdomo nikaufunga. Fainali ile ilikuwa mbili kwa mbili kule Tunis dhidi ya Esperance, moja kwa moja hapa Kasarani. Jumla, tatu kwa tatu. Gor walibeba kombe kwa mabao ya ugenini. Ni kombe la Afrika ambalo hakuna klabu nyingine ya Kenya imelileta nyumbani mpaka leo, na pengo lake ni sifuri. Ningepima nini? Ningeweka kiganja wapi?

"Basi," akasema, "na mimi ninakwambia hakuna siku kubwa kuliko hiyo."

Nilirudi nyumbani Kariobangi na hilo swali. Nimelifikiria sana na bado nadhani yuko sahihi kuliko mimi. Kuna michezo ambayo ukubwa wake uko kwenye kutoachana. Mtu ambaye hajawahi kuketi jukwaani huku matokeo hayo hayo yanakupa kombe na bao moja tu la wageni linakunyang'anya hawezi kuambiwa na saa yoyote kilichokuwa kinaendelea pale ndani.

Dada wa benki yeye mapengo anayapenda, ila anataka yapewe ukoo. Shujaa, timu yetu ya raga ya wachezaji saba, waliifunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore, Aprili 2016. Tofauti ni pointi 23, sawa, lakini anasema namba hiyo haisemi kitu mpaka ujue Fiji ni nani. Miezi minne baadaye Fiji hao hao walichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio. "Mnapima umbali," aliniambia, "pimeni na urefu wa mtu mliyemwacha." Nimelichukua hilo.

Ndilo lililomwokoa Mwalimu kwenye kriketi. Yeye ni mtu wa kriketi, wako wachache Tom Mboya, na kila akitaja nusu fainali ambayo Kenya ilifika kwenye Kombe la Dunia la 2003 kuna mtu wa kumkata: mlipewa pointi za bure, New Zealand walikataa kuja Nairobi. Kweli, walikataa kwa hofu ya usalama, na pointi zikabaki hapa. Lakini Sri Lanka walikuja. Sri Lanka waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996 walikuja Gymkhana, hapa hapa Ngara, Kenya ikapiga mikimbio 210, na wao wakatolewa wote wakiwa na 157. Collins Obuya peke yake aliwatoa wapigaji watano. Mwalimu alikuwepo. Ameniambia jinsi watu walivyokuwa wamepanda juu ya miti na kuta za majirani, na anaposimulia huwa anazungusha kiwiko na kiganja akionyesha mpira wa Obuya ulivyokuwa unabadilisha njia ukigonga ardhi. Mpaka makanga ambao hawajui wiketi ni nini humnyamazia akifika hapo kwenye kiganja.

Sasa, Mama Maembe. Hapa nina kosa langu la kusema. Yuko mita 20 kutoka kwangu kwa miaka sita, anasikia kila neno, na sisi wanaume tulimtumia kama alama ya kupimia Keino bila kumuuliza hata siku moja anaonaje. Si kwamba alikatazwa. Hatukumgeukia tu. Julai 2025, wiki ile Faith Kipyegon alipovunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1500 kule Eugene kwa 3:48.68, wanaume walikuwa wamekazana na jaribio la Paris la maili chini ya dakika nne. Alikuwa amekimbia 4:06.42, siku tisa kabla ya Eugene. Mmoja akasema ameshindwa kwa sekunde sita na nusu, hiyo ni zaidi ya mita 40, pengo kubwa sana. Mama Maembe akaacha wateja wake akaja mpaka mezani, kisu bado mkononi.

"Nyinyi mnapima pengo la mbio. Pengo la mtoto nani amepima?"

Kimya.

"Rio alipata dhahabu 2016. Akazaa 2018. Akarudi mwaka uliofuata akapata fedha Doha. Halafu dhahabu Tokyo, halafu dhahabu Paris. Nitajieni mwanamume mmoja, mchezo wowote, aliyewahi kubeba tumbo katikati ya medali zake. Nimezaa watatu mimi. Baada ya wa kwanza, kupanda ngazi za nyumba yetu ilikuwa kazi ya dakika kumi."

Kisha akarudi kwa maembe yake. Sasa hivi swali lolote la "nani bora zaidi Kenya" likitupwa pale, watu humwangalia yeye kwanza, na mimi ndiye wa kwanza kugeuka. Ningependa ningekuwa nimegeuka miaka sita iliyopita.

Jumanne ya wiki iliyopita kijana wa kofia nyekundu alifika na swali lake. Alikuwa amelibeba kwa siku kadhaa, nililiona usoni. Alitaka pengo la Kelvin Kiptum na Eliud Kipchoge. Hawakukutana kamwe kwenye marathoni, hivyo ilibidi tuziweke saa zao barabara moja: Kipchoge Berlin 2022, 2:01:09. Kiptum Chicago 2023, 2:00:35. Ilikuwa marathoni ya tatu tu ya maisha yake. Sekunde 34. Mtu alitaja Vienna, 1:59:40, na Mwalimu akamkumbusha kwamba ile ilikuwa na vikosi vya kupokezana kumvutia kasi Kipchoge na gari la kumulika mstari mbele yao, ndiyo maana haikuandikwa kama rekodi. Hakuna aliyebisha. Akazidisha. Mita 197.

"Niende?" kijana akauliza.

"Nenda. Hatua ndefu, hesabu kwa sauti. Hapa mezani ndiyo utepe, Kiptum anaukata. Wewe ni Kipchoge."

Akaanza kutembea kuelekea upande wa Archives. Moja, mbili, tatu. Kwa Mama Maembe alipita akiwa hajafika hata kumi na tisa za hatua zake, akampungia mkono. Tulimsikia mpaka hamsini na kitu. Baada ya hapo tuliona kofia tu, nyekundu, ikiingia na kutoka kati ya watu wanaoshuka magari, wabeba mizigo, mkokoteni wa maji. Ikapotea. Dada wa benki alipanda juu ya kreti yangu ili aone mbali. Nikawaza kwamba Kipchoge yule ambaye dunia nzima inamwita mkubwa wa marathoni, siku ile ya Chicago angekuwa huko, na huyu aliyekata utepe hapa mezani alikuwa na miaka 23, na Februari iliyofuata alikuwa hayupo tena duniani.

Simu yangu ikalia.

"Mzee, nimefika. Mia moja tisini na saba. Mnaniona?"

Nikamwangalia dada juu ya kreti. Akatikisa kichwa.

"Hatukuoni."

"Nimeinua mkono."

"Bado hatukuoni."

Akakaa kimya kidogo, nikawa nasikia honi za huko alipo zikiingia kwenye simu, na honi zile zile zikinifikia kwa mbali kwa sikio la pili.

"Sawa. Niwekee gazeti moja, leo nanunua."