Nilivyozima mlio wa spika katika ukumbi wetu Kisumu

Kwa miezi mitatu ukumbi wetu wa mikutano hapa Milimani ulinikosesha usingizi. Mwenyekiti akishika maikrofoni tu, spika zinalia "wiii" hadi akina mama wanaziba masikio. Tukiwa na mkutano wa mtandaoni, wenzetu wa Nairobi wanalalamika kuwa sauti zao zinawarudia.

Fundi wa kwanza aliniambia ninunue amplifaya kubwa zaidi. Nashukuru sikuwa na hizo pesa. Mlio ule huja maikrofoni inaponasa sauti ya spika, ikairudisha kwenye spika, ikazunguka hivyo ikikua. Kuongeza nguvu ni kuchochea kuni.

Wa pili ndiye aliyenichosha: nibandike trei za mayai ukutani, eti zitameza mwangwi unaorudi kwenye maikrofoni. Jumapili nzima nilizunguka soko la Kibuye, nyingine nikaomba, nyingine nikanunua, hadi zikakaribia mia. Mimi na mzee mlinzi tukazibandika ukuta wote wa nyuma, ngazi inatetemeka, jasho linatiririka, gundi imetuganda vidoleni. Tulipomaliza nikasimama katikati ya ukumbi nikapiga kofi moja. Mwangwi ulikuwa palepale! Trei ni karatasi nyepesi, sauti nzito haizioni kabisa. Tena zinashika moto upesi. Tulizibandua zote, zikang'oka na rangi ya ukuta.

Kilichonifumbua macho ni habari za Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard. Kuanzia 1895 alihangaika na ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilichukua kama sekunde 5.5 kufifia. Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga humo na kupima. Mito, si karatasi! Sauti humezwa na kitu kinene, laini, kinachopitisha hewa.

Nikarudi Kibuye, safari hii kwenye mitumba ya mapazia. Nilichagua mazito kama blanketi, yote elfu nne na ushee, nikayatundika yakiwa na mikunjo mingi, yameachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Kofi lilikatika papo hapo.

Spika nazo zilikuwa nyuma ya mwenyekiti. Nikazileta mbele ya meza, zikiwatazama wasikilizaji, ili maikrofoni izipe mgongo, kwa sababu hizi zetu hazinasi vizuri kwa nyuma. Nikamwomba mwenyekiti, kwa heshima, asifumbate kichwa cha maikrofoni: ukiziba vitundu vyake inaanza kunasa pande zote. Zisizotumika zizimwe. Idadi ya zilizo wazi ikiongezeka maradufu, kiasi unachoweza kupandisha sauti kabla mlio haujaanza kinapungua kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Mlio mmoja ulibaki. Ukumbi ukiwa mtupu, nikapandisha sauti polepole hadi spika zikaanza kulia, kisha nikashusha na kurudisha vitufe vya ikwalaiza, kile kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti nene na nyembamba, kimoja baada ya kingine. Nilipogusa cha kilohezi 2.5, kimya. Nikakishusha kidogo tu, maana ukikata sana maneno yanafifia.

Na Nairobi? Kwenye mixa, mtambo unaounganisha sauti zote, sauti yao iliyoingia kupitia laptopu ilikuwa inarudishwa kwenye laptopu hiyohiyo. Nikaufunga mrejesho huo.

Mkutano uliofuata mweka hazina alisoma hesabu nusu saa nzima. Nairobi walikuwa kimya mno nikadhani mtandao umekatika. Nikauliza kama wanatupata. "Tunakupata, ndugu, mwache mama aendelee."